Mac mini, Snapdragon, Raspberry Pi au sipiyu ya mtumba: ipi ya gemu kwa mtu wa Mwanza?

Mpwa wangu anasoma pale Malimbe. Mwezi uliopita alikuja steshenari kwangu Nyegezi na daftari lililojaa hesabu. Anataka kufungua banda la gemu karibu na mageto ya wanafunzi, na hataki PS4 zilizochoka kama mabanda mengine. Anataka kompyuta nne ndogo za mezani zenye chipu ya ARM, ya aina ile ya kwenye simu.

"Mjomba," akaniambia, "hizi haziungurumi, hazili umeme, na kwa kasi zinalipita mbali hilo sipiyu lako. Ninunue makopo ya nini?"

"Wateja wako watacheza nini?"

Akanitazama kama nimemuuliza ziwa liko upande gani. "Si mpira, Mjomba. Na GTA kidogo."

Tukalifunga daftari kwanza.

Swali hili naulizwa na wengi siku hizi, na majibu ya mtaani ni mawili tu: "ARM ndiyo habari ya mjini" au "ARM haichezi gemu". Yote mawili yanampoteza mnunuzi. Kwa hiyo naweka hapa kompyuta nne: Mac mini ya Apple, kompyuta za Windows zenye chipu ya Snapdragon, Raspberry Pi 5, na lile boksi la mtumba la Intel ambalo sote tunaliita sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe ni kidude cha ukubwa wa biskuti kilichofichwa ndani yake. Sitazipa nafasi sawa, maana hazilingani.

Kasi si tatizo

Chipu ya ARM unayo mfukoni. Karibu simu zote zinaitumia, na hata Nintendo Switch inaendeshwa nayo. Asili yake ni Cambridge, Uingereza, ambako kampuni ya Acorn iliwasha ya kwanza mwaka 1985. Kwa hiyo anayesema ARM haichezi gemu hajawahi kumwona mtoto mwenye simu ya mama yake.

Tatizo ni lugha. Gemu kubwa za kompyuta zimeandikwa kwa ajili ya chipu za x86, yaani Intel na AMD. PS4, PS5 na Xbox za sasa nazo zina chipu za AMD za ukoo huohuo. Studio ikitengeneza gemu ya PS5 na ya Windows inapikia familia moja. Kompyuta ya mezani ya ARM ni mgeni anayetaka apikiwe chungu chake.

Mfikirie mzee wa Magu anayejua Kisukuma tu, ameingia kwenye kikao kinachoendeshwa kwa Kiswahili. Anaweza kuwa na busara kuliko wote mle ndani. Kikao kikiendeshwa kwa Kisukuma, anamwaga hoja papo hapo: hiyo ndiyo gemu asilia, iliyotengenezwa moja kwa moja kwa chipu ya ARM. Akipata mkalimani, anafuata na kuchangia, ila kwa kuchelewa kidogo, na mkalimani naye anakula chakula chake. Na kuna vikao ambavyo askari wa mlangoni hamruhusu mkalimani kabisa. Hapo busara ya mzee haisaidii kitu.

Wakalimani wana majina. Kwenye Mac anaitwa Rosetta 2, kwenye Windows ni Prism, na kwenye Linux, ule mfumo endeshi huria, wako Box64 na FEX. Hawalingani ubora, na sababu mojawapo inapendeza kuijua. Chipu za x86 zina nidhamu kali ya foleni: taarifa zinapoandikwa kwenye rami, viini vingine vya prosesa huziona kwa mpangilio uleule zilivyoandikwa. ARM hailazimishi foleni hiyo, na ndiyo moja ya njia zake za kuokoa nguvu. Mkalimani inabidi ailazimishe yeye kwa maagizo ya ziada, na hapo kasi inavuja. Apple waliweka ndani ya chipu zao swichi ya kufuata foleni ya x86, na Rosetta huiwasha anapofanya kazi. Ndiyo maana gemu ya Intel kwenye Mac mara nyingi inakimbia karibu kama isiyotafsiriwa.

Askari wa mlangoni ni programu za kuzuia udanganyifu kwenye gemu za mtandaoni. Baadhi hukaa ndani kabisa kwenye kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo mkalimani hafiki. Huyu ndiye anayewaliza watu wengi, tena baada ya kulipa.

Mac mini: nzuri, lakini soma orodha kwanza

Tangu Novemba 2020 Apple walipoleta chipu ya M1, hii ndiyo kompyuta ya mezani ya ARM yenye gemu asilia nyingi za maana. Ya M4 ilitoka Novemba 2024, ikianzia rami ya GB 16 na diski ya GB 256, kwa dola 599 huko Marekani. Kwa makadirio ya shilingi 2,500 kwa dola ni karibu milioni moja na nusu, na hapo hujalipa usafiri wala kodi. Ni kiboksi cha sentimita 12.7 kila upande na unene wa 5, kinaingia kwenye kikapu cha sokoni na nyanya zako. Kitufe cha kuwashia wamekiweka chini ya tumbo lake, sijui walikuwa wanamficha nani.

Gemu asilia zipo, wala si za kitoto. *Resident Evil Village* ilifika mwaka 2022, *Baldur's Gate 3* na *No Man's Sky* mwaka 2023, *Death Stranding* mwanzoni mwa 2024, *Assassin's Creed Shadows* Machi 2025, na Julai 2025 ikaja *Cyberpunk 2077*, ambayo inakubali hata M1 mradi rami isipungue GB 16. *World of Warcraft* ilikuwa asilia tangu mwezi uleule M1 ilipotoka. *Minecraft* ya Java inakwenda vizuri. *Football Manager* ipo, na kwa wale wanaojiona makocha kuliko makocha wenyewe, hiyo peke yake inatosha kufunga mjadala.

Sasa tazama ambazo hazipo. EA Sports FC, yaani ule mpira, haina toleo la Mac. GTA V haina. *Valorant* haina. Mpira na GTA, Mwanza hii, ndiyo wateja tisa katika kila kumi wanaoingia kwenye banda.

Kuna wanaosema utaweka Windows humo. Zamani, Mac zikiwa na Intel, ilikuwa kweli: Boot Camp ilikuruhusu kuwasha Windows moja kwa moja. Kwenye chipu za Apple hakuna Boot Camp. Unachoweza ni kuendesha Windows ya ARM ndani ya Parallels, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, au kutumia CrossOver, ambayo huendesha programu za Windows bila Windows. Apple nao walitoa zana zao za kuhamishia gemu Juni 2023, na CrossOver huzitumia. Njia hizi zinafanya kazi kwa gemu nyingi za kucheza peke yako. Kumbuka tu kwamba hapo wakalimani ni wawili: mmoja anatafsiri maagizo ya chipu, mwingine anatafsiri lugha ya kuchora picha, maana Windows huchora kwa DirectX na Mac huchora kwa Metal. GTA V ya hadithi watu wanaiendesha hivyo. Ya mtandaoni imewekewa askari BattlEye tangu Septemba 2024, na kwake hakuna cha mkalimani.

Mtego mwingine ni gemu za zamani. Mwaka 2019 macOS Catalina ilizikata programu zote za biti 32, na gemu nyingi za Mac za miaka ya nyuma zikafa siku hiyo. Ukiona kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, alama ya tofaa pembeni ya gemu ya 2010, usishangilie. Alama ile inasema tu kwamba gemu iliwahi kuwa na toleo la Mac.

Naye Rosetta ana tarehe ya kustaafu. Juni 2025 Apple walitangaza kwamba ataendelea kwa ukamilifu hadi macOS 27, na baada ya hapo watabakiza kipande chake kwa ajili ya gemu za zamani zisizohudumiwa tena. Kwa mtu anayenunua kompyuta ya kukaa nayo miaka sita, gemu asilia na gemu ya kutafsiriwa si kitu kimoja hata kama leo zinakimbia sawa.

Halafu diski. *Baldur's Gate 3* inataka GB 150. Kwenye diski ya GB 256 yenye mfumo na mafaili yako, gemu moja imemaliza nyumba. Dawa ni diski ya nje ya SSD kupitia USB-C, na Steam inakubali kuweka gemu huko. Rami, kwa upande wake, haiongezwi kamwe. Unayonunua ndiyo utakayozikwa nayo. Na hizo GB 150 lazima zishuke kwa bando. Mimi hushushia gemu kwenye mtandao wa ofisi ya rafiki yangu wa mjini, usiku, kwa makubaliano ya kumpelekea sato wawili.

Snapdragon: subiri kidogo

Hapa sitakaa sana. Windows ya ARM ina historia ya kujikwaa tangu Windows RT ya 2012. Mwaka 2024 mambo yalibadilika: chipu za Snapdragon X zilitoka, na Windows 11 toleo la 24H2 likaja na mkalimani mpya, Prism. Gemu nyingi za kawaida sasa zinafunguka kwa kutafsiriwa. Zilizo asilia ni chache mno.

Ila Prism hatafsiri madereva, yaani zile programu zinazofanya kazi ndani kabisa kwenye kiini cha mfumo. Dereva lazima aandikwe upya kwa ARM, na mpaka mwenye programu ya ulinzi aamue kuandika, gemu yake haifunguki. Epic, wenye *Fortnite*, walitangaza Machi 2025 kwamba gemu hiyo na askari wao Easy Anti-Cheat zinakwenda kwenye Windows ya Snapdragon, na hiyo ni habari njema. Ni mlango mmoja kati ya mingi.

Isitoshe sisi tunaongelea kompyuta ya mezani, na chipu hizi karibu zote zimekwenda kwenye laptopu. Qualcomm, watengenezaji wa Snapdragon, walikuwa na kiboksi chao cha mezani cha watengeneza programu, wakakifuta Oktoba 2024 na kuwarudishia watu fedha. Viboksi vichache vya ofisini vipo, lakini ukitaka kimoja ufike nacho Nyegezi uwe na mtu wa kukubebea. Ukipata laptopu ya Snapdragon kwa kazi zako za chuo, furahi, betri yake inakaa. Kwa gemu, pesa yako iache benki.

Raspberry Pi 5: usiidharau, usiitukuze

Hii ni bodi ya ukubwa wa kadi ya benki. Ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 60 yenye rami ya GB 4 na dola 80 ya GB 8. Ina viini vinne vya Cortex-A76 vya GHz 2.4. Kuna Pi 500 pia, ambayo bodi yenyewe imefichwa ndani ya kibodi. Unachomeka skrini na kazi imeanza.

Ukiitarajia *Cyberpunk* umejidanganya. Lakini kwa ulimwengu wake, Pi ina kitu ambacho wengine wote wa ARM hawana: karibu kila unachokigusa ni asilia. Linux ya ARM imekomaa, na programu huria zimetengenezwa upya kwa ajili yake. *SuperTuxKart*, yale mashindano ya magari ya katuni, inaruka. *Luanti*, ambayo zamani iliitwa *Minetest*, inawapa watoto dunia ya matofali ya kujenga bila kulipia chochote. *OpenTTD* itakula Jumapili yako nzima. Na PPSSPP, ileile ambayo vijana wanachezea mpira wa PSP kwenye simu zao, ina toleo asilia la Linux ya ARM. Uwe tu na nakala halali ya gemu yako. Hapo najua baadhi yenu mmetazama pembeni.

Gemu za x86 za Linux unaweza kuzijaribu kwa Box64. Kuna jambo moja litakalokusumbua kabla hujaanza. Mfumo wa Pi 5 hugawa rami kwa kurasa za kilobaiti 16, wakati gemu nyingi za zamani zinategemea kurasa za 4. Unafungua faili la config.txt, unaongeza mstari kernel=kernel8.img, unawasha upya, na vitu vingi vilivyokuwa vinakataa vinakubali. Chipu za Apple nazo zina kurasa za 16. Jamaa wa Asahi Linux, walipofanikiwa kuendesha gemu za Windows kwenye Mac za M1 na M2 mwaka 2024, ilibidi wazifungie kila gemu ndani ya kikompyuta bandia chenye kurasa za 4. Kazi nzuri ajabu, ila M4 haimo, kwa hiyo usinunue Mac mini mpya kwa ndoto ya Linux.

Nilivyoumia mimi na Pi ni kwa adapta. Chaja rasmi yake, inayoitwa ya wati 27, huilisha volti 5.1 kwa ampea 5, na hiyo ampea 5 si kawaida kwa chaja za simu. Duka moja mjini liliniuzia chaja "ya kasi sana", likaniapia inatosha. Kila gemu ikianza kupamba moto, kona ya skrini inaonya umeme mdogo, na mbio zinageuka za kobe. Wiki mbili nililaumu programu, nikabadilisha mfumo mara tatu. Chaja ya kasi hupandisha volti hadi 9 au 12. Ikibaki kwenye volti 5 mara nyingi haifiki ampea 5. Soma maandishi madogo ya nyuma.

Sipiyu ya mtumba: kopo lenye funguo zote

Nunua sipiyu ya ofisi iliyotumika, ya Intel kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi cha sita kinafanya kazi, lakini Windows 11 haikitambui rasmi, na utajuta. Yangu niliipata kwa laki nne na nusu ikiwa na rami GB 8. Nikaiongeza kadi ya grafiksi ya GTX 1650, na hii kadi naitaja kwa makusudi: matoleo yake mengi yanakula wati 75 tu, kwa hiyo hunyonya umeme wote kupitia bodi bila waya wa ziada. Masipiyu ya ofisi yana pawa saplai ndogo na mara nyingi hayana huo waya. Kama boksi lako ni lile jembamba, tafuta kadi fupi ya kimo cha chini. Ya kawaida haitaingia hata uisukume kwa goti.

EA Sports FC 25 kiwango chake cha chini ni kadi ya GTX 1050 Ti yenye GB 4 na rami ya GB 8. Kwa hiyo boksi hilo linaucheza mpira. Kwa FC 26 hakikisha Secure Boot na TPM 2.0, kinga mbili za kompyuta, zimewashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kabla Windows haijawaka, la sivyo askari wa EA atakurudisha mlangoni. Lakini ona tofauti: hapa askari ana utaratibu wa kukuruhusu. Kwenye ARM askari huyohuyo hana hata foleni.

Kero zake zipo. Linaunguruma, linapasha joto. Na kwa sisi tunaokaa karibu na maji, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa mawingu kufuata taa huvutwa na feni hadi ndani. Mara ya mwisho nilipofungua langu nilikuta kiberiti kizima cha mabawa kwenye kipoza joto. Kila baada ya miezi miwili, bisibisi na brashi. Mac mini nayo ina feni, isipokuwa njia zake ziko chini na inavuta hewa kidogo.

Basi tufanye hesabu ya umeme

Hoja kubwa ya mpwa wangu ilikuwa LUKU, nami nikamwambia alete kalamu. Sipiyu langu na kadi yake, gemu ikiwa imekolea, linakula kama wati 150. Mac mini ya M4 tuchukue 40, ingawa Apple wenyewe wanataja 65 ikibanwa kabisa. Pi 5 tuiwekee 10. Banda likifunguliwa saa kumi kwa siku, sipiyu linamaliza yuniti 1.5, Mac mini 0.4. Kwa takribani shilingi 350 kwa yuniti ni shilingi 525 dhidi ya 140. Tofauti ni 385 kwa siku, kama 11,500 kwa mwezi kwa kila kompyuta.

Ni pesa, sikatai. Lakini Mac mini imemzidi sipiyu na kadi yake kwa zaidi ya laki saba. Laki saba ukiigawa kwa 11,500 ni miezi sitini, yaani miaka mitano ya kulipa akiba ya umeme kwa mashine isiyocheza mpira. Mpwa wangu alirudia kugawa mara mbili, halafu akaniomba maji ya kunywa.

Hesabu hiyo inageuka kichwa chini ukivuka maji. Nina rafiki mwenye kibanda cha kuchajia simu kwenye kisiwa kidogo upande wa Ukerewe, anategemea sola na betri moja ya asidi ya Ah 100, volti 12. Betri hiyo ina wati-saa 1,200, na ukiipenda unatumia nusu tu, 600. Ongeza skrini ya wati 25 kwa kila kompyuta. Sipiyu litamchezea saa tatu na dakika ishirini na tano hivi. Mac mini saa tisa. Pi saa kumi na saba. Inverta itakatakata kidogo kote, lakini uwiano ni huo. Kwake yeye sipiyu la mtumba halina maana hata ukimpa bure; atazima kabla wavuvi hawajarudi kutoka kwenye karabai. Nilimshauri Pi mbili zenye *SuperTuxKart* na PPSSPP, na skrini zinazokula volti 12 moja kwa moja ili inverta isihusike. Watoto wanapanga foleni kwa shilingi mia mbili.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Banda la biashara penye umeme wa TANESCO: sipiyu la mtumba na GTX 1650, au PS4 ukizipata nzima. Hapa sina mashaka hata chembe.

Mtu mwenye kazi nyingine ya kompyuta, anayehariri video za harusi mchana na kucheza usiku, achukue Mac mini, kwa sharti moja: gemu tatu anazozipenda ziwe zipo kwenye Mac tayari. Zisiwe "zinakuja". Anayependa hadithi ndefu za kucheza peke yake atafurahi kuliko wote. Anayependa kupambana na watu mtandaoni atalia.

Mzazi mwenye watoto wa shule ya msingi, na mtu wa visiwani: Pi.

Na kabla ya kulipia gemu yoyote, jifunze kuikagua kwa macho yako. Kwenye Mac, bofya programu, fungua taarifa zake, tazama mstari wa aina: ukiandikwa Universal au Apple silicon, ni asilia, ukiandikwa Intel, Rosetta yuko kazini. Kwenye Windows ya ARM, Task Manager ina safu ya Architecture unayoweza kuiwasha kwenye ukurasa wa Details. Kwenye Linux, amri ya file ikifuatiwa na jina la programu inakutajia aarch64 au x86-64. Muuzaji akikuambia "hii inapiga kila kitu", mwombe afungue hapohapo gemu yako, siyo video ya gemu yako.

Mpwa wangu alirudi juzi. Amenunua masipiyu mawili badala ya kompyuta nne za ndoto, na Mac mini moja ya M1 iliyotumika kwa ajili ya kuhariri video za matangazo, maana wenzake chuoni wanamlipa kwa hizo. Alikuja na pedi zake nne za PS4 tukazijaribu. Zote zilishika bluetooth ya Mac bila kuweka programu yoyote, na zote zilikubali kwenye Pi yangu. Moja kitufe chake cha mraba kinanata, kimemwagiwa soda. Nimemwambia akisafishe kwa spiriti kabla ya kufungua, la sivyo mteja wa kwanza kufungwa goli atasingizia pedi.